Karakana ya Mezani: Gari la Familia Halina pa Kujificha

Toleo lililopita niligusia tu kwamba kwenye modeli za plastiki za kuunganisha, Chevrolet Bel Air, gari la familia la kwenda nalo kanisani Jumapili, ni ngumu kujenga kuliko gari la mashindano, basi mmenijia juu kweli kweli, barua zimejaa. Narudia na sirudi nyuma. Gari la mashindano ukichafua rangi unabandika stika ya mdhamini juu yake maisha yanaendelea, ila gari la familia la Kimarekani la miaka ya 50 na 60 ni rangi, kromu na vioo, hakuna kingine, na jicho la mtu linaenda moja kwa moja pale ulipoharibu. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni huo, nimechukua maswali yanayojirudia rudia, na kama lako halipo usininunie.

Fundi, habari za kazi. Natafuta modeli ya gari la mtu wa kawaida Marekani, milango minne, baba kwenye usukani, mama pembeni, watoto nyuma. Kila boksi ninaloshika ni milango miwili. Kwani hao watu walikuwa hawana watoto?
*Milango Minne*

Watoto walikuwepo tena wengi, tatizo ni kwamba hao watoto ndo waliokuwa wananunua modeli. Hizi modeli za plastiki za Kimarekani zilianza kama vitu vya promosheni, yaani kiwanda cha magari kinatoa gari jipya alafu wenye shoorumu wanapewa kigari kidogo chenye rangi ile ile ya kiwandani wawaonyeshe wateja, na kampuni ya modeli ya AMT ya Michigan iliyoanza 1948 ilikulia kwenye biashara hiyo, Jo-Han ya Detroit nayo hivyo hivyo. Ilipofika 1958 AMT wakaanza kuuza zile seti za kuunganisha mwenyewe zenye njia tatu kwenye boksi moja: unajenga kama lilivyotoka kiwandani, au unalipamba, au unalifanya la mashindano. Sasa kijana wa miaka 14 ukimpa hizo njia tatu, hachagui gari la mama yake la kwenda dukani. Anataka milango miwili, paa limelala, injini kubwa. Na kalibu, yaani umbo la kumiminia plastiki, ni ghali kutengeneza, kwa hiyo kampuni zilifuata wateja walipo.

Hata steshenwagoni ukiangalia vizuri utacheka, Chevrolet Nomad ya 1955 ina milango miwili, Ford Del Rio Ranch Wagon ya 1957 ambayo kampuni ya Revell wameitolea seti nayo ni miwili. Sio makosa ya watengeneza modeli, magari yenyewe yalikuwa hivyo, ila we ona zilizochaguliwa ni zipi.

Njia zipo lakini. AMT wana Chevy II steshenwagoni ya 1963, hiyo ni milango minne na ni gari la familia haswa, halina makeke yoyote. Ya pili inahitaji ujanja kidogo: tafuta seti za magari ya polisi. Polisi wa Marekani walikuwa wanatumia hizi hizi sedani za kawaida, kwa hiyo Dodge Monaco ya 1978 ya polisi ukiiacha bila taa za juu na bila stika, ukaipiga rangi ya kahawia ya kipindi hicho, tayari unalo gari la mwalimu mkuu. Angalia tu vifuniko vya rimu maana vya polisi vilikuwa vidogo vya katikati peke yake. Njia ya tatu ni bodi za rezini, yaani plastiki ya maji inayomiminwa ikagandia, wapo mafundi wadogo wanaomimina bodi za milango minne ambazo viwanda havikuwahi kuzigusa, unachukua chesisi na injini kwenye seti ya milango miwili ya gari lile lile unavalisha. Bodi ya rezini ioshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ina mafuta ya kalibu, rangi haishiki. Na gundi ya plastiki haifanyi kazi pale, tumia supaglu au epoksi.

Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunabishana. Yeye anasema skeli ya 1/24 na 1/25 ni kitu kimoja, naweza kuzichanganya kabatini. Mimi naona kabisa hazilingani.
*Mama Vipimo*

Marahaba dada yangu, na umeshinda. Skeli ya 1/24 maana yake gari la kweli limepunguzwa mara 24, ya 1/25 mara 25. Bel Air ya 1957 ina urefu wa inchi 200, ambayo ni kama sentimita 508. Gawanya kwa 25 unapata milimita 203, gawanya kwa 24 unapata 212 hivi. Milimita nane au tisa kwenye kabati zinaonekana hata na mtu asiyejali magari. Kampuni ya Monogram ndo walipenda 1/24, AMT na wenzake 1/25. Gari moja moja halina shida, ila ukiziweka pua kwa pua ugomvi utarudi nyumbani.

Alafu nikupe zawadi ambayo itakusaidia maisha yote kwenye hii kazi: inchi moja ina milimita 25.4, kwa hiyo kwenye skeli ya 1/25 inchi moja ya gari la kweli ni kama milimita moja ya modeli. Magari ya Marekani yote vipimo vyake vimeandikwa kwa inchi, basi we soma inchi pima milimita, mahesabu yameisha.

Fundi mambo. Najenga Chevrolet Bel Air ya 1955, nataka zile rangi mbili, nyeupe ya maziwa na bluu ya bahari. Nikibandua tepu rangi imeshapenya chini, mstari umekuwa kama meno ya msumeno. Nimebadilisha tepu bado. Alafu foili ya kromu inachanika kila nikikata.
*Meno ya Msumeno*

Mdogo wangu hapa ndo penyewe, ngoja tukae.

Rangi unazozitaka Chevrolet waliziita India Ivory na Regal Turquoise, na jambo la kwanza ni kujua zinagawanyika wapi, maana watu wengi wanapaka paa tu jeupe wanaona yameisha. Kwenye 55 rangi ya paa haiishii juu, inashuka nyuma inachukua buti na sehemu ya juu ya madigadi ya nyuma, na inakutana na rangi nyingine pale kwenye utepe wa kromu wa ubavuni. Wale watu wa kiwandani hawakuwa wajinga, mpaka wa rangi uko chini ya kromu, kwa hiyo ukiwa na kajino kadogo ubavuni foili itakafunika. Sehemu ya kupigania ni ile tu ambayo haina kromu juu yake.

Sasa kupenya. Tatizo sio tepu, ni mpangilio. Piga praima, ile rangi ya msingi, piga msasa mwepesi wa maji, kisha rangi ya mwanga kwanza, yaani hiyo nyeupe, bodi nzima au angalau ivuke mpaka. Iache ikauke. Na kukauka sio kushika kwa kidole, kukauka ni kunusa: weka pua karibu na bodi, kama bado unasikia harufu ya rangi haijakauka, irudishe kwenye boksi ukafanye kazi nyingine. Enameli, aina ya rangi inayochelewa kukauka, inaweza kukaa siku nyingi tu. Ikishatulia bandika tepu nyembamba ya modeli kwenye mpaka, ikandamize kwa kijiti cha meno hasa pale inapopita kwenye mifereji ya milango, maana rangi inapita kwenye mfereji wa mlango kama maji ya mvua. Halafu hapa ndo siri yenyewe, usipulize bluu. Puliza tena nyeupe ile ile kwenye ukingo wa tepu, nyepesi. Kama kuna kijitundu, nyeupe ndo itaingia humo na kuziba, na nyeupe juu ya nyeupe haionekani. Ikishika ndo unapuliza bluu, vumbi vumbi kwanza, tabaka nyembamba, usitafute kufunika kwa mara moja. Tepu unaitoa wakati bluu bado haijawa ngumu kabisa, unaikunja irudi juu yake yenyewe na kuivuta taratibu, usiivute kwenda juu.

Angalia pia usije ukachanganya aina. Enameli juu ya laka, aina ya rangi inayokauka upesi, ikiwa imeshakauka ni sawa, ila laka juu ya enameli inachemka, rangi ya chini inajikunja kama ngozi ya maziwa na hapo hakuna dawa isipokuwa kuikwangua yote. Na laka kali za magari ya kweli usizipulize kwenye plastiki tupu bila praima, zinaila plastiki inabaki na nyufa nyufa. Fungua madirisha, vaa barakoa ya mvuke, ile ya vumbi tu haitoshi.

Foili sasa. Bare-Metal Foil ni aluminiamu nyembamba kuliko ya jikoni na ina gundi nyuma, ikichanika mara tisa kati ya kumi ni wembe. Wembe mpya. Sio ule uliokatia plastiki juzi, mpya kabisa, na ukifanya upande mmoja wa gari badilisha. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko utepe wa kromu, kiokote kwa kibano, kilaze bila kukivuta, kisugue kwa pamba ya masikio mpaka mikunjo iishe, kisha kwa ncha ya kijiti cha meno fuata kingo mbili za utepe mpaka uone umbo lake limetokeza. Kukata usikandamize. Laza wembe karibu ulale, pita juu juu, rudia, uzito wa kisu chenyewe unatosha, ukikandamiza wembe unaingia kwenye rangi na unaacha alama ambayo utaiona kila ukipita hapo. Kabla ya kuweka foili hakikisha umeshamaliza kung'arisha rangi, baadaye huwezi.

Na yale maandishi ya Bel Air ubavuni ambayo hakuna brashi inayoweza kuyafuata, fanya kinyume: weka kijipande cha foili juu yake mapema, baada ya praima kabla ya rangi, kisugue mpaka herufi zitokeze, kisha paka rangi juu ya kila kitu. Rangi ikishakaa, chukua kitambaa kisichotoa nyuzi ukizungushie kwenye ncha ya kidole, kiguse tone dogo sana la tina, sugua juu ya herufi tu. Rangi inatoka kwenye sehemu iliyoinuka peke yake na kromu inachungulia chini, na herufi zinakuwa kali kuliko stika yoyote. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki kisicho na kazi.

Bampa zilizokuja kwenye boksi zina kromu nene kama zimechovywa, na pale zilipokatwa kwenye fremu pamebaki kidonda. Nizikwangue zote?
*Bampa*

Kidonda kama kiko chini au nyuma kisawazishe, gusa kwa kalamu ya kromu ya Molotow, endelea na maisha. Kama kiko mbele kabisa au kuna mstari wa kalibu katikati ya bampa, hapo kweli itoe. Loweka kwenye jiki kwenye chombo cha plastiki, kromu inayeyuka yenyewe, na usiichanganye hiyo jiki na dawa nyingine yoyote ya usafi. Chini utakuta kitu kama vanishi ya njano, nayo inatakiwa itoke. Baada ya hapo sawazisha, piga nyeusi inayong'aa sana, iache ikauke hasa, kisha rangi ya kromu nyembamba mno kwa eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi. Nyeusi ikiwa na vumbi kromu itakuwa na vumbi, haifichi kitu. Shoo ya mbele ipitishie wino mweusi mwembamba kwenye matundu, bila hivyo inaonekana kipande kimoja cha bati.

Kaka nimepata bodi ya rezini ya Ford Country Squire ya miaka ya 60, ile yenye mbao ubavuni. Nipake vipi mbao isionekane kama mlango wa kabati?
*Mbao*

Kwanza ujue unachoigiza. Country Squire za 1950 na 1951 zilikuwa na mbao kweli, kuanzia 1952 bodi yote ikawa chuma na kile cha kahawia ni karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao, iliyoitwa Di-Noc, ikazungushiwa fremu ya rangi ya mti mweupe. Kwa hiyo ya miaka ya 60 huigizi mbao, unaigiza picha ya mbao iliyobandikwa kwenye chuma. Ndo maana watu wanakosea, wanachonga mistari kwenye bodi, wanaweka mafundo ya mti makubwa kama sahani. Ile kitu ilikuwa bapa kabisa, laini, na ukiwa hatua tatu unaona kahawia tu yenye mwendo mwendo.

Piga msingi wa rangi ya udongo mkavu, akriliki au enameli, iache ikauke kabisa. Chukua rangi ya mafuta ya wachoraji, ile kahawia iliyoungua, weka kidogo sana, kisha kwa brashi kuukuu ngumu ya nywele chache buruta toka mbele kwenda nyuma kwa mkono mmoja bila kusimama. Usiirudie mara kumi, mbili au tatu inatosha. Mistari ilale sawa na gari, ipite kwenye mlango wa mbele iingie wa nyuma kama haijakatwa. Rangi ya mafuta inachukua muda mrefu kukauka na hiyo ni faida, haikupendeza unafuta kwa tina ya kuchorea unaanza upya, msingi haujaguswa. Ikikauka pitishia vanishi isiyong'aa sana. Fremu ipake mwisho, rangi ya asali nyepesi, na kumbuka hesabu ya Mama Vipimo: inchi ni milimita. Hapo ndo wengi wanaharibu, wanaweka fremu nene gari linakuwa kama kreti la soda.

Impala yangu ya 1964 nimeivalisha matairi ya duara nyeupe pana, jamaa yangu anasema nimekosea mwaka.
*Tairi*

Jamaa yako yuko sahihi. Duara nyeupe pana ni za miaka ya 50 mpaka mwanzoni mwa 60, kwenye magari ya mwaka wa 1962 ndo zikawa nyembamba karibu kila kampuni. Kwa 64 weka kama milimita moja. Na kitu kingine, yale matairi laini ya vinaili yana mafuta ndani yake yanayokula plastiki, usiyahifadhi kwenye mfuko mmoja na vioo, baada ya miaka unakuta alama ya tairi imeyeyuka kwenye kioo cha mbele. Weka kijipande cha foili kati ya tairi na rimu.

Mzee wangu ameniachia kigari cha promosheni cha miaka ya 50, bado kina rangi yake, ila paa limebonyea na bodi imepinda kama ndizi. Nikiweka kwenye maji ya moto kitanyooka?
*Mrithi*

Usithubutu. Hicho sio plastiki tunayojengea sisi, vya kipindi hicho vilikuwa vya asetati, na asetati inajikunja yenyewe kadri miaka inavyokwenda hata ikikaa kabatini bila kuguswa. Baadaye ndo wakahamia polistaireni ambayo inatulia. Usinyooshe, usipake rangi, usikioshe kwa kemikali, kiweke mbali na jua na joto. Thamani yake ni kwamba hakijaguswa. Ukitaka la kunyooka nunua seti ya gari hilo hilo ujenge, liweke pembeni yake.

Injini: niache V8 iliyokuja kwenye boksi yenye kabureta mbili na vifuniko vya kromu? Na mikanda ya viti niweke?
*Boneti Wazi*

Inategemea we unajenga nini. Kama ni gari la familia, hizo kabureta mbili zirudishe kwenye boksi la akiba. V8 ndogo ya Chevrolet kuanzia 1955 ni ya rangi ya chungwa, kichujio cha hewa cheusi, kabureta moja, imeisha, na familia nyingi zilikuwa na silinda sita tu chini ya boneti. Plymouth ya 1960 na kuendelea ilikuwa na ile Slant Six, injini ya silinda sita iliyolala nyuzi 30 upande mmoja, ukiipata kwenye seti yoyote usiitupe, ni nzuri kuliko V8 zote kwa macho yangu. Waya za plagi tumia waya ya milimita 0.3, zaidi ya hapo zinakuwa kama bomba za maji, na kama kuna mtu atakuja na tochi mpangilio wa kuwaka kwa silinda za V8 ya Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2.

Mikanda, angalia mwaka. Ford walianza kuiuza kama nyongeza kwenye magari ya 1956 na wateja wengi hawakuitaka, sheria ya serikali kuu ya Marekani ilikuja na magari yaliyotengenezwa kuanzia Januari 1968. Kwa Impala ya 64 unaweza kuweka ya kiunoni mbele tu. Kwa Bel Air ya 55, acha viti vitupu, ila vipige vanishi ya nusu mng'ao, maana kitambaa na vinaili za viti vikiwaka kama bodi kazi yote ya nje inaharibika.